Mota ya shata ya kilo 600: mashine haina kosa, waliofunga ndio wenye kesi

Kwa wenye haraka: mota nyota nne, duka lililoniuzia na kunifungia nyota moja, na hiyo moja nimewapa kwa sababu walifagia vumbi lao kabla ya kuondoka. Wenye nafasi vuteni kiti.

Nauza spea za boda hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hatua chache kutoka soko kuu. Mlango wa duka ni shata ya chuma, ule mlango wa mabapa unaojikunja juu kwenye bomba, upana karibu mita nne, kimo mita tatu. Aliiweka marehemu mume wangu, na enzi zake alikuwa anaiinua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai. Mimi bega la kulia lilinigomea zamani. Nikawa kila asubuhi nakaa kwenye benchi la jirani kumsubiri kijana wangu wa duka aje anifungulie, na siku akichelewa, wateja waliovuka mpaka alfajiri kutoka Ariwara wananipita hivi hivi. Mtu ametoka Kongo na pikipiki inayokohoa, hana muda wa kusubiri bega la mtu lipone.

Jambo jingine ni umeme. Wakazi wa hapa wanakumbuka tulivyoishi: jenereta za mafuta, na umeme wa maji wa Nyagak kule Zombo, megawati tatu na nusu za kugawana eneo letu lote la West Nile. Wakati ule mtu angekuambia uweke mlango wa umeme ungemuuliza kama ana homa. Tangu 2024 tumeunganishwa na gridi ya taifa. Bado unakatika, lakini sasa unakatika ukiwa umezoea kuwa nao. Hapo ndipo nikajikakamua, nikatoa shilingi milioni mbili na laki sita: mota, kisanduku cha umeme, rimoti mbili, bomba jipya la kuzungushia shata, na ufundi. Duka liko Kampala. Jina nalihifadhi, wenyewe wakisoma watajijua.

Kwa asiyeijua mashine hii: si ile mota nyembamba inayojificha ndani ya bomba. Hii inakaa nje, pembeni juu, kwenye bamba la chuma, na inalizungusha bomba la shata kwa cheni na sproketi mbili, ndogo upande wa mota na kubwa upande wa bomba, sawasawa na gurudumu la nyuma la pikipiki. Ina mnyororo mrefu wa kuvuta kwa mkono umeme ukiondoka. Ina kamba nyembamba ya breki: ukiivuta, breki inaachia na shata inashuka kwa uzito wake yenyewe. Kamba hiyo nimeikunja juu kabisa wasipofika watoto. Na ubavuni mwa mota kuna kisanduku kidogo cha plastiki, hakizidi kipande cha sabuni. Hicho ndicho limiti. Ndicho kinachoiambia mota isimame wapi juu na wapi chini. Bila hicho mota ni fahali aliyefungwa kitambaa machoni.

Muuzaji alinisukumia ya kilo 600. Fundi niliyempata baadaye alipiga hesabu kwa chaki sakafuni: shata yangu mita mraba kumi na mbili, chuma cha namna ile kila mita mraba kilo kumi na kitu, jumla haifiki kilo mia mbili. Ya kilo 300 ingetosha na chenji ikabaki. Wakati wa kuinua, nguvu za ziada hazina ubaya. Ubaya unakuja siku limiti inapokosea, maana mota yenye nguvu haibembelezi, inakunja chuma huku inaimba.

Mafundi wa Kampala walikuwa vijana wawili. Walishuka kwenye basi la usiku na macho mekundu, safari ya kuvuka Karuma na daraja la Pakwach, nikawanywesha chai, wakaanza kazi saa nne. Sina la kuwalaumu kwenye kuchomelea. Walitoa bomba la zamani lenye springi, wakapandisha jipya, wakafunga bamba, wakapitisha nyaya. Ilipofika saa kumi na moja wakaanza kutazama simu. Tiketi za kurudi walikuwa nazo mfukoni. Kuseti limiti nimekuhesabia kwa saa ya ukutani: dakika nane. Nikauliza, "Wanangu, ikihama nifanyeje?" Mkubwa wao akanikabidhi rimoti kama anayenipa zawadi ya harusi: "Mama, wewe bonyeza tu." Na kijitabu cha maelezo, Kichina upande mmoja, upande wa pili Kiingereza ambacho nacho ni Kichina.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa malkia. Nafika na boda, nabonyeza nikiwa bado nimekaa, mlango unafunguka. Majirani walikuwa wanakuja kutazama.

Wiki ya tatu, mteja wangu mmoja mrefu wa kutoka Sudan Kusini aliingia akanionyesha kidole juu. Nikatazama juu: shata ilikuwa haifiki kwenye linta, ile boriti ya juu ya mlango. Ilikuwa inasimama chini yake, shibiri nzima. Jioni nikafunga, na hapo nikaona la pili: upau wa chini umeshagusa sakafu, mota bado inazunguka. Yale mabapa ya chuma yakaanza kulegea na kujibinua, juu ndani ya kava kukawa na kelele ya sufuria zikianguka, ndipo ikasimama.

Nikapiga simu Kampala. "Madamu, hiyo ni limiti imehama. Fungua kisanduku, zungusha nati mpaka ikae sawa." Wakanitumia na ujumbe wa sauti wa kunielekeza. Ujumbe huo ninao mpaka leo, mtaona kwa nini.

Nikazima swichi kuu, nikapanda ngazi, nikafungua. Ndani ni kitu cha kupendeza, nisiwe mnafiki. Kuna fimbo ya chuma yenye nyuzi kama bolti ndefu, na juu yake nati mbili za plastiki zenye meno ya pembeni kama kizibo cha soda. Kibati chenye springi kimelala kwenye meno hayo kuzizuia zisizunguke. Mota ikizunguka, fimbo inazunguka nayo, na kwa kuwa nati haziwezi kuzunguka, zinatembea, zote mbili kwa pamoja, kulia au kushoto. Kila mwisho kuna swichi ndogo yenye ulimi. Nati ikigusa ulimi, tik, mota inakata. Nati moja ni ya juu, nyingine ya chini. Ukitaka kurekebisha unainua kibati kwa bisibisi, unazungusha nati jino moja au mawili, unarudisha kibati mpaka kilale kwenye jino. Ni hayo tu. Nafasi iliyopo baina ya nati mbili ndiyo inayopanga safari nzima ya mlango wako, kutoka sakafu mpaka linta: zikikaribiana safari inarefuka, zikiachana inafupika. Jambo hili lishikeni, lilikuja kuniokoa.

Nikasogeza nati ya juu ili ipande zaidi, nikasogeza ya chini ili isimame mapema. Ikakaa sawa. Nikajiona fundi. Baada ya siku tisa, yaleyale. Nikapanda tena. Mara ya tatu hata sikupiga simu, nilikuwa napanda ngazi kama mtu anayekwenda kuanika nguo.

Halafu ikaja Alhamisi ya mvua. Nimefunga hesabu, boda inanisubiri, nikabonyeza rimoti nikageuka. Nyuma yangu nikasikia ka-ka-ka, nikadhani ni pikipiki ya mtu. Shata ikashuka kwa kishindo, ikagusa chini, nikaanza kuondoka. Askari wa jirani akapiga kelele: "Mama! Mlango unapanda!" Nageuka, kweli unapanda. Bomba lilikuwa limemaliza kukunjua chuma chote, na kwa kuwa hakuna aliyeliambia lisimame, likaanza kukikunja upande wa pili, kinyumenyume. Nikakimbia huku nabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ikasimama imefika magotini. Mabapa mawili ya juu yamepinda kama majani ya mgomba, na haikwenda tena juu wala chini.

Duka la spea, mlango wazi magotini, mvua, saa mbili usiku. Tulilala humo humo, mimi juu ya maboksi ya tairi, kijana wangu mlangoni na panga. Yeye alilala. Mimi nilihesabu mabati.

Asubuhi Kampala wakaniambia dhamana ni mwaka mmoja, ila imekufa kwa kuwa nimegusa limiti mwenyewe. Nikawasikilizisha ujumbe wao wa sauti. Kimya. Kisha: "Madamu, lipia nauli ya mafundi wawili, chakula na malazi, halafu tutaangalia." Watu wazima, wana watoto majumbani kwao, wanazungumza hivyo.

Hapa ndipo anapoingia fundi wa hapa hapa, kijana mdogo tu, kazi yake kusuka starta na kutengeneza mashine za kuchomelea karibu na stendi ya boda. Alikuja kwa baiskeli, ngazi begani. Hakufungua chochote. Alisimama, mikono kiunoni, akauliza:

"Mama, juu ilikuwa inapungua kiasi gani?"

"Shibiri."

"Na chini ilikuwa inazidi kiasi gani?"

Nikafikiri. "Kama hivyo hivyo."

Akatikisa kichwa. "Basi limiti haina kesi. Nati moja ingehama, ungeharibikiwa upande mmoja. Zote mbili kuhama kiasi kilekile, ni kama watu wawili kuota ndoto moja. Kuna kitu kinateleza kati ya mota na bomba."

Akapanda, akaweka kidole kwenye cheni, akaisukuma. Ikacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Akanitazama kutoka juu kule, akatazama rafu zangu, akauliza kwa adabu zote, "Mama, wewe unauza nini?"

Nauza cheni. Nauza saizi ya 428, ya pikipiki, kwa katoni. Kila siku namwambia mwenye boda, kaza cheni yako mwanangu, itaruka meno ikuue. Na cheni ya mlango wangu mwenyewe sikuwahi kuigusa hata kwa kidole. Mfinyanzi hulia gaeni.

Maelezo yake nayaweka kwa maneno yangu. Limiti haihesabu shata, inahesabu mota. Kisanduku kile kimeungana na upande wa mota, hakijui bomba limefika wapi. Cheni ikiruka jino, mota inaendelea na hesabu yake kana kwamba hakuna lililotokea, huku shata imebaki nyuma. Na kwa kuwa uzito wa chuma unavuta kwenda chini saa zote, mlango ukipanda au ukishuka, kuruka ni kwa upande mmoja tu: shata inakuwa chini kuliko mota inavyodhani. Ndiyo maana juu ilipungua na chini ikazidi, kila mara, kwa kiasi kimoja. Kila nilipozungusha nati nilikuwa nasahihisha saa ya ukutani kumbe betri ndiyo imekwisha. Usiku wa mvua cheni iliruka meno kadhaa kwa mkupuo, zile ka-ka-ka.

Chanzo? Bamba la mota lina matundu marefu manne, bolti zinapita humo ili uweze kuvuta mota nyuma ukaze cheni, kama tu unavyovuta gurudumu la boda. Bolti zote nne hazikuwa na washa za springi, zile pete za kuzuia bolti isilegee. Mbili alizifungua kwa vidole. Mtikisiko wa wiki tatu ulitosha kuisogeza mota. Wale wa Kampala walikuwa wanawahi basi.

Matengenezo yalichukua siku moja na nusu. Aliteremsha shata, akatoa mabapa mawili yaliyopinda akaweka mengine, akanyoosha uzi kutoka sproketi ndogo hadi kubwa kuona kama zimekaa mstari mmoja. Hazikuwa, ndogo ilikuwa imeingia ndani unene wa sarafu. Akaziweka sawa, akavuta mota, akakaza bolti na washa zake, akaacha cheni icheze kidogo tu, kwa sababu cheni iliyokazwa kama uzi wa gitaa nayo inaua beringi. Hilo nililijua. Nikajikausha.

Kisha limiti, upya kabisa, na hapa nilikaa chini ya ngazi nikatazama kila kitu. Kwanza akaivuta shata kwa mnyororo wa mkono mpaka katikati, mbali na hatari zote mbili. Akasogeza kila nati karibu na swichi yake, ili kosa lolote liwe la kusimama mapema. Halafu akafanya jambo ambalo wale wa Kampala sikuwaona wakilifanya: akabonyeza ya kupanda, na shata ikiwa inapanda akaugusa ule ulimi wa swichi ya juu kwa kalamu ya plastiki. Ikasimama. Akarudia kwa kushuka, ulimi wa pili. Ikasimama. "Kama nyaya zimefungwa kinyume," akasema, "unapanda huku swichi ya chini ndiyo inayokulinda. Yaani hakuna anayekulinda." Mle ndani kuna umeme wa volti 240, kwa hiyo kila mara kabla ya kushika nati alishuka, akazima swichi kuu, akapanda tena. Shuka, zima, panda, jino mbili, shuka, washa. Dakika nane haziwezi kutosha kwa kazi hiyo, labda uwe na mabawa.

Juu aliiacha isimame kiganja kimoja chini ya linta. Nikamwambia ipande yote, akakataa: upau wa chini ukiingia juu ya reli za pembeni, kurudi kwake ni bahati nasibu. Chini alisimamisha pale upau unapogusa sakafu na mabapa yamekaliana kidogo tu. Usiku panya hapiti, na chuma hakilegei.

Katikati ya majaribio mota ikanyamaza kabisa. Moyo ukaniruka, milioni mbili na laki sita hizo. Yeye akashuka akaomba chai. Mota hizi zina kinga ya joto, ukizipandisha na kuzishusha mfululizo zinajizima zipoe. Si mashine ya kuchezea siku nzima, ni ya kufungua asubuhi na kufunga jioni. Tulimaliza chapati mbili kila mmoja, kama dakika ishirini hivi, ikaamka yenyewe. Kijitabu kile kingeniambia hilo, kama kingeandikwa kwa lugha ya binadamu.

Mwisho akaniomba rangi ya kucha. Nikampa nyekundu ya binti yangu. Akapiga alama kwenye reli pale upau unaposimama juu, na mstari mmoja kwenye jino la sproketi kubwa. "Alama ya reli ikiachana na upau, usiguse nati, Mama. Shika cheni kwanza."

Malipo hakutaka yote kwa pesa. Alichukua laki moja na themanini, na cheni na sproketi za pikipiki yake ya Boxer anayoitengeneza taratibu nyumbani. Nikamwongezea mkebe wa grisi. Awadifo, yaani asante kwa Kilugbara, mwanangu. Ukimtaka, uliza stendi kwa msuka starta mwenye baiskeli, wote wanamjua.

Sasa mota yenyewe, kwa haki yake. Ina miezi mitano tangu siku hiyo. Inapanda kwa sauti ya chini, haitetemi, na umeme ukiondoka mnyororo wa mkono unanitosha hata kwa bega langu, ingawa kutoka sakafuni mpaka juu navuta kama ninayechota maji kisimani. Na limiti haipotei ukivuta kwa mkono, kwa sababu mnyororo nao unazungusha gia zilezile. Rimoti ndiyo dhaifu kidogo, jengo la ghorofa jirani linaizuia nikiwa ng'ambo ya barabara, na kitufe cha kushusha ni rahisi mno kujibonyeza kwenye mkoba. Kwa hilo nimekata nyota moja. Unaponunua, ulizia kilo za shata yako wewe, si kilo za muuzaji. Na mwambie atakayefunga kwamba hapati salio mpaka umeona kalamu ikigusa ulimi wa swichi.

Mwezi uliopita alama ya kucha iliachana na upau, upana wa ukucha tu. Niliishika cheni kwanza. Ilikuwa imerefuka kidogo, kama zirefukavyo zote zikiwa mpya, yule fundi akaja Jumamosi akaikaza kwa robo saa, nati hazikuguswa. Lawama iliyobaki ni moja: kijana wangu wa duka, tangu ajue kwamba najifungulia mwenyewe, anakuja saa tatu.